CNOT ya fotoni mbili: maboksi 15 ya nini wakati kapla 5 zinatosha?

Swali la msomaji: "Shikamoo dada. Niko mwaka wa mwisho hapa Mwanza, projekti yangu ya fizikia ni kuiga kwenye laptopu saketi ya mwanga inayofanya geti la CNOT kwa fotoni mbili. Nimechukua matriksi ya modi 6 nikaiingiza kwenye programu ya kuvunja matriksi, imenitolea maboksi 15 ya Mach-Zehnder na hita 30. Msimamizi kasema kubwa mno, ipunguze. Nimekunja njia kwenye mchoro chipu iwe ndogo, kasema sicho alichomaanisha. Sasa nipunguze nini? Alafu nikitaka CNOT mbili naziunganisha tu moja nyuma ya nyingine?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, ila kwa hili msimamizi yuko sahihi, shida yake kaongea neno moja tu akakuacha nalo. Wewe umesikia "ipunguze" ukafikiria milimita, mwenzio anafikiria maboksi. Ukikunja njia za mwanga wakati mwanga wenyewe bado unapita kwenye maboksi yale yale, hasara inabaki pale pale, tena inaweza ikazidi kwa sababu kona kali nazo zinavujisha. Punguza kwanza vitu ambavyo fotoni inapitia, milimita tutakuja kuziongelea baadae. Na kwa msomaji mgeni: CNOT ni geti la biti mbili za kwantamu (kyubiti), kontroli na tageti, linageuza tageti kontroli ikiwa 1 na kuiacha ikiwa 0. Modi ni njia ya mwanga, kapla ni mahali njia mbili zinapokaribiana mwanga ukagawana, feizi ni wimbi limefika hatua gani ya mtikisiko wake, hita inabadilisha feizi kwa joto, na boksi la Mach-Zehnder ni kapla mbili zenye feizi kati yake.

Programu uliyotumia haijakosea. Imefanya kazi ya jumla. Mwaka 1994 Reck, Zeilinger, Bernstein na Bertani walionyesha kwamba matriksi yoyote ya yunitari (isiyopoteza wala kuongeza mwanga) ya N kwa N unaijenga kwa vigawa mwanga na vibadili feizi tu, ukivipanga kama pembetatu, na maboksi yanakuwa N(N-1)/2. Weka N=6 unapata 15 zako hizo. Mwaka 2016 Clements na wenzake wakayapanga kimstatili, idadi ile ile ila njia ndefu kabisa inapita maboksi N badala ya 2N-3, yaani kwako wewe 6 badala ya 9. Kila boksi lina feizi mbili, 15 mara 2 ni 30, ongeza feizi 6 za mwisho zinakuwa 36, na 36 ndo idadi ya namba huru zote ndani ya matriksi ya yunitari ya 6 kwa 6. Kwa hiyo umejenga mashine yenye kitufe kwa kila kitu kinachoweza kubadilishwa. Mashine za hivyo zipo na zina kazi yake, ile chipu ya modi 6 ya kundi la Bristol ya mwaka 2015 ilikuwa na Mach-Zehnder 15 na hita 30 kabisa, na walikuwa wanataka hivyo kwa sababu asubuhi wanaifanya geti hili, mchana wanaifanya kitu kingine, bila kutengeneza chipu mpya.

Wewe unataka geti moja. Ni kama mtu anataka gari ya Kirumba kwenda Igoma tu, alafu anajengewa stendi nzima ya Nyegezi na mabasi ya mikoani yote.

Geti lenyewe sasa. Mpango huu wa CNOT ulitolewa 2002 na Ralph, Langford, Bell na White, na mwaka huo huo Hofmann na Takeuchi nao wakatoa wazo hilo hilo, O'Brien na wenzake wa Queensland wakalifanya mezani 2003, na 2008 Politi na wenzake kule Bristol wakaliweka kwenye chipu ya silika (aina ya kioo). Kyubiti moja ni fotoni moja yenye njia mbili, ikiwa njia ya juu tunasema 0, ya chini tunasema 1. Kontroli ina njia c0 na c1, tageti ina t0 na t1, alafu kuna njia mbili tupu za pembeni, niziite va na vb, hazibebi fotoni mwanzoni. Zipange hivi kutoka juu kwenda chini: va, c0, c1, t0, t1, vb. Huu mpangilio uandike ukutani, nitaurudia.

Hatua ya kwanza, t0 na t1 zinakutana kwenye kapla ya nusu kwa nusu. Hatua ya pili kapla tatu kwa mpigo: va na c0, c1 na t0, t1 na vb, na hizi tatu zote ni za theluthi, maana yake fotoni ina nafasi 1/3 ya kubaki njia yake na 2/3 ya kuvukia ya jirani. Hatua ya tatu t0 na t1 zinakutana tena nusu kwa nusu. Basi. Kapla 5, urefu hatua 3, na angalia vizuri: kila kapla inaunganisha njia zilizo jirani, hakuna njia inayoruka nyingine. Ndo maana nimesema mpangilio uandike, maana ungepanga c0, c1, t0, t1, va, vb kama wanafunzi wengi wanavyoandika kwenye daftari (na mimi niliandika hivyo hivyo), ungehitaji kuvusha njia juu ya njia na programu ingekujazia maboksi ya kubadilishana nafasi tu.

Kwa nini theluthi? Haikuokotwa barabarani hiyo namba, na nadhani hapa ndo watu wengi wanapita haraka alafu baadae hawawezi kubuni saketi yao wenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Jioni upepo ukivuma nenda kakae karibu na Jiwe la Bismarck uangalie maji, utaona mawimbi yanayotoka pande mbili yakikutana, kuna sehemu yanajumlishana na kuna sehemu yanauana maji yanatulia. Kwa fotoni mbili kinachojumlishana ni visa vizima. Fotoni mbili zimeingia kwenye kapla ya kati, moja kutoka c1 na moja kutoka t0, na mwisho nimekuta moja c1 na moja t0. Imetokeaje? Kuna visa viwili: labda zote zimebaki njia zao, au zote zimevuka zikabadilishana. Kama fotoni zinafanana kabisa huwezi kujua ni kisa kipi, kwa hiyo amplitudi (namba ya wimbi ya kila kisa) za visa vyote viwili zinajumlishwa kwanza ndo unatafuta kipeo cha pili upate nafasi ya kutokea. Kubaki kuna amplitudi r, kuvuka kuna i mara t, i ikiwa ile namba ambayo i mara i ni kasoro 1. Zote kubaki ni r mara r. Zote kuvuka ni it mara it, ambayo ni kasoro t mara t. Jumla: r² kasoro t².

Kwa kapla ya nusu kwa nusu hiyo ni 1/2 kasoro 1/2, sifuri, yaani fotoni haziachani kamwe, zinatoka zote upande mmoja, hicho ndo walichokipima Hong, Ou na Mandel mwaka 1987. Sisi hatutaki sifuri. Tunataka kisa cha "wote wawili wapo" kibaki na ukubwa ule ule kama visa vingine ila kigeuze alama, kwa sababu kugeuza alama kwa kisa kimoja kati ya vinne ndo roho ya geti lenyewe. Fotoni ya c0 ikiwepo badala ya c1, ile ya t0 iko peke yake kwenye kapla ya kati, inabaki kwa amplitudi r, na ya c0 nayo inabaki kwa r kwenye kapla yake ya pembeni, jumla r². Ukitaka r² kasoro t² iwe sawa na kasoro r², na unajua r² jumlisha t² ni 1, utapata 3r² = 1. Theluthi hiyo imetoka yenyewe.

Zile kapla za pembeni je, va na vb? Kazi yake ni kumwaga mwanga makusudi. Bila hizo c0 ingepita na amplitudi 1 wakati c1 inapita na r, mizani ingeharibika. Ukiziweka, visa vyote vinne vinatoka na ukubwa 1/3: c0 na t1, kila moja imepita kapla ya pembeni, 1/√3 mara 1/√3. c0 na t0, vile vile. c1 na t1, vile vile. c1 na t0, kasoro 1/3. Kipeo cha pili cha 1/3 ni 1/9, na hiyo ndo nafasi ya geti kufaulu. Mara 8 kati ya 9 fotoni zinaishia pasipotakiwa na unayatupa hayo matokeo. Inauma ila ndo bei ya kutumia kapla na njia peke yake, fotoni kwa fotoni hazisukumani, inabidi ukubali kuchuja.

Sasa hesabu za hasara uone msimamizi alikuwa anaogopa nini. Tuseme kwa mfano tu kila boksi la Mach-Zehnder linakula desibeli 0.2, na boksi lina kapla mbili ndani kwa hiyo kapla moja tuipe 0.1. Kwenye mstatili wako njia ndefu ina maboksi 6, ni desibeli 1.2, fotoni moja inapita kwa nafasi kama asilimia 76, na kwa kuwa unahitaji zote mbili zifike ni 76 mara 76, asilimia 57 hivi. Kwenye kapla 5 tageti inapita kapla 3 na kontroli inapita moja tu, jumla ya zote mbili ni desibeli 0.4, asilimia 91. Tena hapo ni fotoni mbili. Ukija kuweka nne ule mstatili unashuka mpaka theluthi, bado hujagusa hasara ya kuingiza mwanga kwenye chipu wala ditekta. Ni kama matenga ya nyanya kwenda Ukerewe, kila kupakua na kupakia kuna zinazopondeka, na mteja wako kasema ananunua tenga likiwa halina hata moja iliyopondeka.

Kuna kitu kingine kizuri kwenye hii saketi ambacho hakionekani haraka. Hasara ikiwa sawa kwa njia zote unapoteza mwendo tu, unahesabu muda mrefu zaidi, geti lenyewe linabaki sahihi. Ikiwa tofauti, c0 inapoteza hivi na c1 vile, hapo geti linapinda. Angalia hatua ya pili: c0, c1, t0, t1, kila moja inapita kapla moja ya theluthi. Hatua za kwanza na tatu t0 na t1 zinapita pamoja. Mizani imejipanga yenyewe. Saketi ndogo lakini isiyo na mizani mimi siipendi, bora uongeze kapla ya bure njia zilingane.

Haya, utafanyaje kwenye laptopu. Njia ya uvivu kwanza, na uvivu sio dhambi: chukua yale maboksi 15 uliyonayo, chapisha pembe ya kila boksi. Utakuta baadhi pembe yake inasema "pita moja kwa moja", hayo futa, ni waya tupu. Baadhi yanasema "badilishaneni nafasi", hayo ni kosa la mpangilio wa njia, kwa hiyo jaribu mipangilio mingine. Njia 6 zina mipangilio 720 tu, laptopu yoyote inaimaliza yote wakati unakunywa chai. Kwa kila mpangilio vunja matriksi, hesabu maboksi yenye pembe isiyo ya bure, chukua mpangilio wenye machache.

Njia ya pili ndo ya wabunifu. Usiiambie programu "nataka matriksi hii ya 6 kwa 6", kwa sababu kiukweli hutaki matriksi nzima. Mistari ya va na vb inavyofanya wewe haikuhusu, fotoni zikifika huko unatupa matokeo. Unachokitaka ni amplitudi 16 tu: pembejeo nne kwa matokeo manne. Kila namba usiyoilazimisha ni uhuru, na uhuru ndo unakupunguzia kapla. Anza na kapla 3, programu itafute uwiano na feizi mpaka amplitudi 16 zikaribie zile za CNOT mara namba moja ile ile kwa zote, ikishindwa weka 4, ikishindwa weka 5. Kwa fotoni mbili kila amplitudi ni pamanenti ya matriksi ndogo ya 2 kwa 2, ad jumlisha bc, hesabu ya darasani. Kuna programu za bure za Python za mambo haya, Perceval ya Quandela ni mojawapo, lakini kwa fotoni mbili andika mwenyewe, mistari kama arobaini hivi, utaelewa zaidi.

Alafu kuna mtego wa feizi utakaokupotezea wiki kama hujaambiwa. Vitabu vinachora Hadamard (mgawanyo wa nusu kwa nusu usio na i, wenye alama moja tu ya kasoro) pale t0 na t1 zinapokutana, chipu haina Hadamard, ina kapla yenye i kwenye kuvuka. Ukiweka kapla tupu bila feizi utakuta kontroli ikiwa 0 ndo tageti inageuka na ikiwa 1 inatulia, kinyume kabisa, na utadhani umekosea indeksi. Hujakosea. Hadamard ni kapla yenye feizi ya kasoro π/2 kwenye t1 kabla na baada. Kapla ziko mbili kwa hiyo feizi ziko nne, ila zile mbili za katikati zinaungana kuwa π moja, maana t1 pale kati inapita tu kwenye kapla yake ya pembeni na haikutani na njia nyingine yenye fotoni. Kwa hiyo: kasoro π/2 kwenye t1 mwanzoni, π kwenye t1 katikati, kasoro π/2 kwenye t1 mwishoni, na π kwenye c1 popote pale kuondoa ile alama ya kasoro inayobaki. Feizi nne dhidi ya hita zako 30. Na ukitengeneza chipu ya geti hili tu hizi feizi unaweza ukazichonga kwa urefu wa njia, hita ukabakiza moja mbili za kurekebisha makosa ya kiwanda.

Hapo nije kwenye milimita sasa. Silikoni ina kipeo cha kuvunja mwanga (namba inayosema mwanga unapungua mwendo mara ngapi ndani yake) kama 3.5 na silika 1.44, tofauti kubwa hivyo inabana mwanga sana mpaka njia inaweza kukunja kona ya nusu kipenyo cha mikromita chache tu. Silika iliyotiwa dawa kidogo, kama ile ya 2008, tofauti yake haifiki hata asilimia moja, kona zake zinahitaji milimita. Kwa hiyo ndio, nyenzo inakupa udogo. Hata hita: silikoni inabadilisha kipeo chake kwa kama 0.00018 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa mwanga wa nanomita 1550 hita ya mikromita 100 inahitaji kupandisha joto nyuzi kama 43 kupata π. Silika iko kama 0.00001, joto lile lile linahitaji karibu milimita 2.

Lakini udogo huu una meno. Mimi chipu yangu ya kwanza, sitasema ilikuwa wapi, nilijisifu nimezisogeza hita karibu karibu saketi ikawa fupi kama punje ya mchele, nikapeleka kutengenezwa, miezi ikapita, chipu ikarudi. Nawasha hita ya tatu, feizi ya pili inahama, ya nne inahama, nairudisha ya pili, ya tatu inahama. Siku nzima nafukuzana na joto kama mtu anayefukuza kuku watano kwenye uwanja usio na ua. Ikabidi nipime kila hita inavyomuathiri kila jirani, nijenge matriksi ya joto, niigeuze ndo niweze kuweka feizi ninazotaka. Ningepunguza idadi ya hita badala ya nafasi kati yao nisingefika huko, na hilo ndo msimamizi wako anajaribu kukuokoa nalo.

Swali lako la pili: hapana, huwezi kuziunganisha hivyo hivyo. Sio kwa sababu tu 1/9 mara 1/9 ni 1/81. Tatizo ni kwamba kuchuja kunafanyika mwishoni, pale ditekta zinapolia moja kwa kontroli na moja kwa tageti. Geti la kwanza likikosea, tuseme fotoni zote mbili zimeingia upande wa tageti, katikati hakuna anayejua, na geti la pili linaweza likazirudisha zikaonekana ziko sawa, moja huku moja kule. Matokeo mabaya yamevaa nguo za matokeo mazuri. Na kuchungulia katikati huwezi, ditekta ikiiona fotoni imeimeza.

Dawa ziko kadhaa. Kama CNOT zako mbili ziko kwenye kyubiti zile zile na kati yake kuna mzunguko wa kyubiti moja, usizijenge mbili, zidisha zote upate geti moja la 4 kwa 4, alafu ile njia ya amplitudi 16 itafute saketi ya geti hilo zima kwa mpigo, unachuja mara moja mwishoni. (Na kama kati yake hakuna kitu, CNOT mara mbili ni bure, umerudi ulikoanza, nimeshaona ripoti ya mtu anayo hiyo.) Kama ni kyubiti nyingi unahitaji geti lenye kengele, yaani kuna fotoni za msaada na ditekta zake pembeni, ditekta hizo zikilia kwa namna fulani unajua geti limefaulu na fotoni zako bado zipo hai zinaendelea na safari. Ndo wazo la Knill, Laflamme na Milburn la 2001 lililoonyesha kwamba kapla, fotoni moja moja na ditekta vinatosha kwa kompyuta ya kwantamu. Geti lao la msingi la kengele lilikuwa na nafasi 1/16, mwaka 2002 Knill akapata 2/27 kwa fotoni mbili za msaada zile zile, kutoka asilimia 6.25 mpaka kama 7.4. Na wengi sa hivi hawaungi mageti kwa mstari kabisa, wanaunga vipande vidogo vya fotoni zilizofungamana kuwa wavu mkubwa, kwa njia ya Browne na Rudolph ya 2005, kipande kisipoungana unajaribu kingine. Hiyo ni projekti ya mtu mwingine, usiiguse.

Ukitaka kumchokoza msimamizi mwonyeshe hii: fotoni moja tu, njia nne, c0t0, c0t1, c1t0, c1t1. CNOT ni kubadilishana nafasi za njia mbili za mwisho. Kapla sifuri, inafaulu kila mara. Cerf, Adami na Kwiat waliliandika hilo 1998. Bei yake ni kwamba kyubiti 10 zinataka njia 1,024 na kyubiti 20 zinapita milioni, kwa hiyo kwa geti dogo ni rahisi mno na kwa kompyuta ni ndoto.

Kuna njia nyingine mbili za kubana ambazo nakutajia tu. Moja ni polaraizesheni (upande ambao wimbi la mwanga linatikisikia), njia moja ya mwanga inabeba modi mbili, na 2005 makundi matatu tofauti yalifanya geti hili hili kwa vioo vinavyogawa polaraizesheni moja tofauti na nyingine, mezani likawa dogo na halitetereki hovyo. Nyingine ni muda: badala ya kapla nyingi unakuwa na kapla moja na kitanzi cha faiba, mapigo ya mwanga yanapita hapo hapo moja baada ya jingine na kapla inabadilishwa uwiano katikati. Mashine ya Borealis ya Xanadu ya 2022 ilifanya modi 216 kwa vitanzi vitatu tu. Mwanga kwenye faiba unatumia nanosekunde 5 kwa mita, kwa hiyo unahitaji swichi yenye kasi na faiba isiyovuja, na kila mzunguko ni hasara tena.

Hukuniuliza kama haya yanafanyika Mwanza ila najua unawaza. Ditekta nzuri za fotoni moja moja za nanomita 1550 zinapozwa mpaka nyuzi chache tu juu ya sifuri ya Kelvin, hizo weka pembeni. Lakini matriksi ya saketi ni ile ile kwa fotoni na kwa leza ya kawaida, ndo maana yake kuitwa ya mstari. Ukipata kapla za faiba, ambazo mafundi wa mkongo hapa mjini wanazishika kila siku, unaweza ukaingiza leza njia moja baada ya nyingine ukapima nguvu inayotoka kila upande ukapata ukubwa wa kila namba ya matriksi. Kile kitendo cha fotoni mbili hutakiona, hilo liandike wazi kwenye ripoti usije ukaulizwa.

Kabla hujanitumia matokeo fanya jaribio moja dogo. Chukua kapla ya kati peke yake, weka fotoni moja c1 na moja t0, uliza nafasi ya kukuta moja moja upande wa kutokea. Ikitoka 1/9 uko sawa, endelea. Ikitoka 5/9 programu yako inahesabu fotoni kama mawe mawili tofauti, umejumlisha nafasi badala ya amplitudi. Ikitoka 1 kamili umetumia determinanti badala ya pamanenti, nenda kwenye ule mstari wa ad kasoro bc ubadilishe alama.